Shingo ya Kufuli

Maji yalikuwa yameshakauka jukwaani, lakini sanduku bado lilinuka unyevu.

Mpelelezi alilizunguka mara mbili bila kuligusa. Halafu akatoa kwenye mkoba futi yake ya kushonea, ile ya kitambaa cha njano iliyofanya kituo kizima kimwite Mama Futi, akaanza kupima. Urefu, upana, kimo. Akapima mpaka tundu la kupitishia mpira wa maji katikati ya kifuniko. Lilikuwa na upana wa kidole gumba.

"Mama, hilo sanduku tunalipima la nini?" aliuliza Sajini. Alikuwa amekaa safu ya mbele, miguu kainyoosha kama mwenye tiketi. "Hatulishonei gauni."

"Andika."

"Naandika. Lakini mtu wetu yuko mahabusu tangu jana, na mkuu wa kituo anataka jalada mezani saa tisa alasiri. Shtaka lenyewe limeshajiandika."

"Lisome basi hilo lililojiandika."

Sajini alifungua daftari.

"Binti wa miaka kumi na tisa, jina la jukwaani Samaki. Jana saa kumi alasiri aliingia kwenye sanduku la kioo lililojaa maji mpaka juu. Kifuniko kikafungwa kwa kufuli, pazia jeupe likavutwa. Alitakiwa kutoka kwa siri ndani ya dakika mbili, aibukie nyuma ya watazamaji, watu wapige makofi. Hakutoka. Kioo kikavunjwa. Yuko hospitali, hajazinduka. Aliyetengeneza sanduku ni fundi seremala, mjomba wake wa damu. Aliyekuwa pembeni na shoka la kuokolea ni huyo huyo fundi. Jana asubuhi mfagiaji wa ukumbi alimsikia anamfokea mwenye onyesho: 'Ipo siku mtu atafia humu!' Mlalamikaji ni mama wa binti, dada yake fundi, toka nitoke. Alikuwa amekaa hapa hapa nilipokaa. Anasema: 'Mwanangu aligonga kioo, kaka yangu akasimama na shoka mkononi anamtazama.'" Akafunga daftari. "Kikulacho ki nguoni mwako. Hapo futi haina kazi."

Mama Futi alikuwa ameinamia kifuniko. Kilikuwa cha mbao nzito, kimezungushiwa chuma, na juu yake limechorwa fuvu la mtu, meno makubwa nje. Rangi ilikuwa mpya, harufu yake haijaisha. Alipitisha kidole kwenye paji la fuvu. Laini. Akakishusha kwenye meno. Meno yalikuwa na mabonde, kama mbao ilichimbwa kwanza ndipo ikapakwa. Alirudisha kidole pale pale mara ya pili, taratibu, kama anayesoma.

"Msumari wa bawaba uko wapi?"

Sajini alimpa bahasha. Ndani mlikuwa na msumari mrefu wa shaba, mnene kama kalamu. Hii ndiyo ilikuwa siri ya sanduku, na fundi aliitapika yote jana kabla hajaulizwa: kufuli liko mbele, watu wote wanatazama mbele, lakini njia ya kutokea iko nyuma. Aliye ndani anauvuta msumari, bawaba inaachia, anasukuma kifuniko kwa nyuma, anatoka.

"Huu tuliuokota wapi?"

"Ndani ya sanduku, chini, kwenye vipande vya kioo."

"Na kifuniko?"

"Kimefungwa ndi. Kufuli mahali pake. Mimi mwenyewe ndiye niliyelifungua. Lakini utazame vizuri, mama. Umepigwa tupa. Fundi kauchezea ili ukwame."

Mama Futi aliutia msumari kwenye bawaba. Ukaingia wenyewe. Akauvuta kwa vidole viwili. Ukatoka.

"Umekwama?"

"Haujakwama," Sajini alikiri.

"Tupa inapunguza, haiongezi. Mtu aliyeupiga tupa alitaka utoke upesi. Na ulitoka. Samaki aliuvuta, ukaanguka chini. Maana yake mlango wake wa siri aliufungua."

Sajini alijikuna shingo. "Sasa kama mlango aliufungua, mbona hakutoka?"

"Hilo ndilo swali la leo. Beba na lile kufuli. Na mwambie mwenye ukumbi apigilie ubao pale kioo kilipovunjika, picha tumeshapiga. Saa saba nitakuwa na kazi na hili sanduku."

*

Fundi aliletwa kwenye chumba cha mahojiano mikono yote miwili imefungwa bendeji mpaka kwenye viwiko. Hakukaa mpaka alipouliza lake.

"Mtoto ameamka?"

"Bado," alisema Mama Futi. "Kaa, fundi. Nieleze kazi yako kama unavyomweleza mtu asiyejua hata kushika msumeno."

Fundi alikaa. Alipoanza kueleza sanduku, mgongo ulinyooka.

"Mazingaombwe mazuri, afande, hatari yake ni ya uongo. Mtazamaji anajua, na mimi najua kwamba anajua. Anakuja kudanganywa kwa hiari yake. Kazi yangu mimi ni kuhakikisha uongo unabaki kuwa uongo. Lile sanduku nimelijaribu mwenyewe mara thelathini, na mwili wangu huu, kabla mpwa wangu hajatia mguu."

"Dada yako anasema binti aligonga, ukasimama."

"Nilisimama."

Sajini aliinua kichwa. Hakutegemea jibu la aina ile.

"Kwa nini?"

"Kugonga kumo kwenye mchezo."

"Hebu anzia mwanzo."

"Mwanzoni tulikubaliana, mimi na Samaki na Profesa, mwenye onyesho. Akigonga mara tatu, ni kweli, nivunje kioo. Siku moja alikakamaa mguu ndani ya maji, akagonga. Nikakimbia na shoka. Watu wakapiga kelele ukumbi mzima, wengine wamepanda juu ya viti! Kabla sijafika akawa ameshatoka mwenyewe, mguu umeachia. Profesa alifurahi, hakulala. Kesho yake akasema hiyo iingie. Kila onyesho mtoto agonge, mimi nikimbie na shoka, yeye aninyooshee mkono aseme: Bado!"

"Mkawa hamna alama ya hatari."

"Tukaweka nyingine. Kitambaa chekundu. Mambo yakiwa magumu akichomoze kwenye tundu la kifuniko, kionekane juu ya pazia. Wiki tatu zilizopita msumari ulikuwa mzito kidogo, akakichomoza. Mama mmoja alizimia kwenye viti vya nyuma. Ndipo nikaupiga tupa ule msumari, uwe mwepesi. Na Profesa..."

"Akakitia kitambaa kwenye mchezo."

"Akakitia. Anasema watu wanalipia pumzi iliyokwama kooni."

"Alama ya tatu ilikuwa nini?"

Fundi alitazama bendeji zake.

"Tulisema tutaitafuta."

Kalamu ya Sajini ilisimama. Mzazi mwenzangu unayesoma hapa, usipite mbio. Mwanao akija na furaha kwamba amepata kazi ya kuchezea kifo mbele za watu, usimuulize kwanza atavaa nini. Muulize: siku ukilia kwa kweli, nani atajua kwamba ni kweli? Akikosa jibu, ficha viatu vyake.

"Mchezo unakwenda mpaka hesabu ya ngapi?" aliendelea Mama Futi.

"Mia na ishirini. Profesa anahesabu kwa sauti, ukumbi unamwitikia. Amri ni moja tu: kioo hakiguswi kabla ya mia na ishirini. Kikiguswa mapema, kazi huna."

"Ulivunja kwenye ngapi?"

"Mia na nne."

"Kwa nini mia na nne na si mia na ishirini?"

"Viputo. Pale pembeni nilipo, juu ya pazia naliona lile tundu la kifuniko. Vilikuwa vinatoka viputo, vidogo vidogo, halafu vikakoma. Viputo havimo kwenye mchezo. Hakuna aliyewahi kumfundisha avitoe wala avizuie. Nikapiga shoka, nikamvuta kwa mikono. Profesa alikuwa bado anahesabu."

Mama Futi aliandika mwenyewe: *104*. Akapigia mstari.

"Sasa jana asubuhi. Ulimfokea kwa sababu gani?"

"Lile tangazo lake jipya. Hatari ya kweli, njoo na kufuli lako mwenyewe. Nilimwambia asipokee kila kufuli." Fundi aliinua kidole kimoja kilichochungulia kwenye bendeji. "Kifuniko kikiinuliwa nyuma, mbele nako lazima kipumue. Kidole kimoja. Kufuli la shingo ndefu linaipa ile pete ya kifuniko nafasi ya kupanda. La shingo fupi linazibana pete mbili pamoja. Likishabana, hata uitoe bawaba yote, kifuniko hakiendi popote."

Sajini alilitoa kufuli mfukoni na kuliweka mezani. Kufuli nene jeusi, la kufungia ghala, zito kama jiwe la mizani. Shingo yake ilikuwa imezama nusu kwenye mwili.

Fundi alilitazama. Rangi ikamtoka usoni.

"Ndilo hilo?"

"Hukuliona jana?"

"Mimi nakaa nyuma ya pazia la jukwaa mpaka agonge. Nakuta limeshafungwa na kitambaa cha dhahabu kimetupiwa juu. Ningeliona..."

"Profesa ameandikisha maelezo kwamba hujawahi kumwambia habari za shingo ya kufuli. Anasema ulifoka tu, umeamkia upande mbaya."

"Tulikuwa wawili. Neno langu na lake."

"Fundi, kabla halijachorwa lile fuvu, juu ya kifuniko palikuwa na nini?"

Fundi alimtazama kama mtu aliyetajiwa jina la utotoni mwake.

"Umejuaje? Palikuwa na maneno yangu."

Mama Futi alikuwa ameshakunja futi. "Usiniambie yalisemaje. Mwandikie Sajini kwenye karatasi, aikunje, aitie mfukoni. Nitayasoma mwenyewe."

*

Profesa alifika ukumbini saa saba kamili, koti la mkia, manukato yametangulia. Alimpa Mama Futi mkono kwa heshima ya jukwaani, kiganja juu. Mama Futi akakitia kalamu kile kiganja.

"Saini hapa kwamba umefika. Jina lako la kazi?"

"Profesa Hafi."

"Na anayeingia kwenye maji ni nani?"

"Samaki."

"Kumbe Hafi hafi kwa sababu haingii."

Sajini alipatwa na kikohozi cha ghafla.

Profesa alitabasamu kwa upande mmoja. "Dada, wewe si mtu wa sanaa. Bila hatari hakuna mchezo. Mtu hawezi kutoka nyumbani kwake, aache redio yake, aje kumtazama binti anaoga. Anakuja kwa sababu moyoni anajiuliza: je, leo?"

"Na tangazo lako linamjibu: ndiyo, leo. Hatari ya kweli."

"Kila mwenye onyesho anaandika hivyo. Ni chumvi. Nani asiyejua?"

"Tutaona nani alijua. Fuvu zuri hili. Umechorewa na nani?"

"Kuchorewa!" Alishika kifua. "Mkono wangu mwenyewe. Jumanne nzima nilikuwa nalo."

"Peke yako?"

"Msanii hashikiwi brashi."

"Sajini, umeandika?"

"Msanii hashikiwi brashi," Sajini alisoma.

Mama Futi alifungua begi la vifaa vya onyesho na kutoa kufuli la zamani, la shingo ndefu, limepakwa dhahabu. Ndilo lililotumika miezi yote kabla ya tangazo jipya.

"Naomba unisaidie jambo. Mimi kweli si mtu wa sanaa, sielewi mpaka nione. Ingia humu, nikufunge kwa kufuli hili, utoke. Sanduku ni kavu, ubao una nyufa, hewa tele."

Profesa hakusita. Alivua koti, akaingia kwa madaha, akajikunja. Msumari ulikuwa umeshawekwa mahali pake. Sajini alishusha kifuniko, Mama Futi akabana kufuli, akatazama saa. Bawaba ililia, kifuniko kikainuka kwa nyuma huku mbele kikipanda taratibu kidole kimoja, na Profesa akachomoka akainama kwa makofi ambayo hayakupigwa.

"Sekunde tisa," alisema Mama Futi. "Hongera. Kumbe inawezekana hata kwa mwenye kitambi. Sasa rudi ndani mara moja tu, nikufunge na hili."

Akatoa lile jeusi.

Profesa alilitazama kufuli, akautazama ubao, akalitazama tena kufuli. Mkono ulipanda kwenye tai yake.

"Kuna haja gani? Umeshaona inavyokuwa."

"Nimeona la shingo ndefu. Hili ndilo la jana."

"Mgongo unanisumbua."

"Mgongo ulikuwa mzima dakika moja iliyopita. Hakuna maji, Profesa. Hakuna pazia. Ukigonga, tutafungua. Naapa sitahesabu."

"Siingii."

"Kwa nini?"

"Hilo linabana."

Kalamu ya Sajini ilisikika ikikwaruza.

"Linabana nini?" aliuliza Mama Futi kwa upole, kama mwalimu ambaye mwanafunzi wake amekaribia jibu.

Profesa alijua amekanyaga pabaya. Alikaa kwenye ngazi ya jukwaa, akajifuta uso.

"Sikiliza. Nimejua jana. Baada ya ajali. Nilikaa nikafikiri, nikaelewa kwamba kufuli lile lilibana pete. Kabla ya hapo hakuna mtu aliyeniambia neno. Bwana mmoja wa safu ya mbele alikuja nalo, akasema hili halitoki hata kwa baruti, watu wakashangilia. Ningelikataa mbele yao? Mtu mzima unamwambia nini, kwamba tangazo ni uongo?"

"Ndiyo," alisema Mama Futi. "Ungemwambia hivyo hivyo. Wangekuzomea, ungekwenda nyumbani, na binti angekula chakula chake cha jioni kwa mama yake."

"Ni rahisi kusema."

"Ni rahisi na kutenda. Neno moja tu: Hapana. Sasa unasema hakuna aliyekuambia."

"Hakuna."

"Sajini, nipe kisu cha rangi."

Alikaa kando ya kifuniko akaanza kukwangua meno ya fuvu. Rangi ilitoka vipande vipande, nyeupe, kisha nyeusi, kisha mbao yenyewe. Hakuharakisha. Kila alipomaliza jino alipuliza vumbi. Chini ya meno zilikuwa zimechongwa herufi kwa patasi, kila moja ndefu kama kidole cha mtu mzima, zimenyooka kama zimepigiwa kamba.

"Soma, Profesa."

Profesa hakusoma. Sajini alifunua karatasi aliyopewa na fundi na kusoma kwa sauti, huku Mama Futi akifuata kwa ncha ya kisu juu ya mbao, neno kwa neno, na hakuna herufi iliyopungua wala kuzidi.

"KUFULI SHINGO KIDOLE KIMOJA. PUNGUFU USIFUNGE. MTU HATATOKA."

Gari lilipita nje, vioo vya madirisha vikatetemeka kidogo.

"Hili neno limechimbwa hivi," alisema Mama Futi, akaingiza ncha ya kisu kwenye herufi mpaka ikasimama yenyewe. "Brashi yako ilipita humu herufi baada ya herufi. Umeyajaza maneno rangi ukayageuza meno, kwa sababu mistari ilikuwa tayari. Jumanne nzima, peke yako. Umechora fuvu la kutishia watu juu ya maneno ya kumwokoa mtu."

Profesa aliponena, sauti ya jukwaani ilikuwa imemwisha.

"Yaliharibu mchezo. Nikionyesha kifuniko, watu wa mbele walikuwa wanayasoma. Sanduku la kifo lenye maelekezo ya matumizi! Nani atatetemeka?"

"Na alipogonga?"

"Kila siku anagonga."

"Na kitambaa?"

"Kila siku anakitoa! Ningejuaje?"

"Hapo umesema kweli kwa mara ya kwanza leo. Usingejua. Ulipewa ruhusa ya kuwadanganya watazamaji, ukaenda ukawadanganya mpaka watu wako, mpaka mwenye shoka, mpaka mwenyewe. Binti alitumia alama zote mbili za kukuita, na zote mbili ulikuwa umeshaziuza." Akasimama, akakung'uta vumbi la rangi kwenye sketi. "Sajini, saa ngapi?"

"Saa nane na robo, mama."

"Jalada tunalo. Badilisha jina juu yake. Uzembe mkubwa uliokaribia kuua, pamoja na maelezo ya uongo kwa polisi. Fundi atoke sasa hivi, na umwombe radhi kwa mdomo wako."

"Mimi?"

"Shtaka lililojiandika lilikuwa na mwandiko wako."

*

Saa kumi alasiri, mama yake Samaki alikuwa amekaa kwenye benchi kando ya kitanda, mkoba mapajani, kama mtu anayesubiri kuitwa. Binti alikuwa amezinduka tangu saa nane, lakini koo lilikuwa na kidonda cha mpira wa hewa na daktari alimkataza kusema hata neno moja. Macho yake yalikuwa wazi yakitazama dari.

Mama Futi aliingia na fundi nyuma yake. Fundi aliishia mlangoni.

"Afande, huyo umemleta afanye nini?" alisema mama bila kugeuka. "Amalizie?"

"Nimekuletea hesabu, mama. Ukiisikia, umfukuze ukitaka."

"Hesabu nilikuwepo. Nilihesabu na mimi, kama mjinga, na ukumbi wote. Nilikuwa nashangilia. Aligonga, nikapiga makofi."

"Ulihesabu mpaka ngapi?"

"Sijui. Mia na kitu. Kioo kikavunjika."

"Mia na nne. Amri ilikuwa mia na ishirini. Kuna sekunde kumi na sita hapo katikati. Daktari wa zamu ameniandikia kwamba mwanao hakuwa nazo. Profesa alikuwa bado anahesabu, na watu mia tatu wanamwitikia. Aliyeacha kuhesabu alikuwa mmoja tu."

Mama alifungua mkoba, akaufunga.

"Nilichelewa, dada," alisema fundi kutoka mlangoni. "Sikatai. Kugonga kwa kwanza kulikuwa kwa kweli, nami nilisimama."

Muuguzi alikuwa mwisho wa wodi akipanga dawa kwenye trei, mgongo kawapa.

Ndipo Samaki, asiyeweza kusema, alipoinua mkono akagonga chuma cha kitanda kwa pete yake. Mara moja. Mara mbili.

Ya tatu haikufika. Trei ilianguka, vidonge vikasambaa sakafuni, muuguzi akaja mbio. Lakini alimkuta mtu ameshafika. Fundi alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda, bendeji zake zimeshika ule mkono, anahema kama aliyetoka mbali.

"Nini? Nini, mwanangu? Nipo! Sema!"

Samaki alinyoosha kidole. Alikuwa anataka maji ya kunywa.

"Ni maji tu?" fundi aliuliza, machozi yanamtoka mbele za watu.

"Hata kama ni maji tu," alisema muuguzi, akainama kuokota vidonge vyake. "Humu ndani mtu akigonga tunakimbia. Hatuulizi kama ni mchezo."

Mama alimimina maji kwenye kikombe, lakini hakumpa mwanawe. Alimpa kaka yake amnyweshe, kisha akasogea kwenye benchi, akaacha nafasi ya mtu mmoja.